Barua ya wazi kwa matajiri wenye gari za diko

Waheshimiwa matajiri,

Mimi ni fundi wa magari upande wa mashariki wa Unguja. Gereji yangu ni mkungu mmoja, banda la bati, na shimo nililolichimba kwa mtaimbo kwenye jiwe la maweni, hatua chache kutoka pale gari zenu zinapopanda kutoka pwani. Wengi wenu mnanijua kwa sauti ya simu tu. Lakini gari zenu nazijua kwa tumbo. Nyinyi mnaziona kwa juu, siku mnapokuja kuchukua hesabu, zimefutwa vumbi na tairi zimepakwa mafuta zing'ae. Mimi naziona kwa chini, nimelala chali, kutu inanidondokea machoni.

Barua hii ni yenu nyote wenye keri (vigari vidogo vya mizigo), pikapu na pikipiki zinazoshuka dikoni, pale vyombo vinapofikia, kila siku kuchukua samaki, mwani na mizigo ya mahoteli. Kwa faragha nimeshasema sana. Nimesema kwa simu, nimesema kwa kumtuma dereva, na kila mara jibu limekuwa moja: “Sawa fundi, tutaangalia.” Sasa nasema hadharani.

Wakati wa kusi, keri moja ilikatika chasisi palepale mchangani. Ilikuwa asubuhi, maji yamepwa, imepakia matenga ya vibua na barafu juu yake. Kijana akatia gia ya kwanza apande ule mwinuko wa mchanga mkavu. Ukasikika mlio kama wa mti unaovunjika, na nyuma ya gari ikakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Samaki wakashushwa mbiombio kabla jua halijawawahi, na mimi nikaitwa. Nikaingia uvunguni na bisibisi. Pale springi ya nyuma inaposhikana na chasisi nilipachoma, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, kama mtu anayechoma papai bivu. Kwa nje palikuwa na rangi nyeusi nzuri, imepigwa juzijuzi tu. Kwa ndani palikuwa na matabaka ya kutu yanayobanduka moja moja.

Tajiri akapigiwa simu mjini. Sauti yake ilisikika mpaka kwa waliosimama pembeni: “Huyo kijana anaikimbiza gari, anaibamiza kwenye mawe!” Kabla ya adhuhuri kijana alikuwa ameshanyang'anywa funguo. Mimi nilikuwepo, bisibisi mkononi, nikijua nilichokiona, na sikufungua mdomo. Tajiri yule ana gari tatu na zote zinatengenezwa kwangu. Hiyo ndiyo sababu, wala sina nyingine ya kuipamba. Tangu siku ile nimekuwa na deni la maneno, na leo nalilipa.

Mnaponunua gari ya kushuka pwani, mnaogopa mchanga. Mnauliza kama ina nguvu, kama inavuta magurudumu yote manne, kama imeinuka vya kutosha. Mchanga una adabu: ukikukamata unakukamata mbele ya watu, unafukua, unatia makumbi chini ya tairi, vijana wanasukuma, unaondoka. Chumvi haifanyi fujo. Inapanda na gari, inajificha kwenye mifuko ya chasisi, juu ya tangi la mafuta, ndani ya milango, nyuma ya taa, na inaanza kazi gari ikishaegeshwa. Gari zenu haziozi zinapokwenda. Zinaoza usiku, zimelala.

Tupige hesabu ya kienyeji. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Tuseme keri yako inapanda kutoka dikoni na lita mbili tu zilizojibanza katika mianya yake, kutoka mawimbi na kutoka matenga yanayochuruzika. Hizo ni gramu 70. Kwa siku 365 zinafika kilo 25 na ushei. Nyingi zitadondoka njiani, sikatai. Lakini hata ikibaki robo tu, mwisho wa mwaka umeipakia gari yako kilo sita za chumvi ambazo hakuna abiria wala mchuuzi aliyekulipa nauli yake.

Halafu kuna jambo ambalo wake zenu wanalijua kuliko nyinyi. Kikopo cha chumvi jikoni wakati wa masika kinatoa machozi. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75, na chumvi ya bahari ambayo haijasafishwa huanza mapema zaidi, kwa sababu ndani yake mna chumvi nyingine za magnesiamu zenye kiu kubwa. Usiku wa pwani yetu unyevu huo ni wa kawaida. Basi gari iliyokauka kabisa saa kumi na mbili jioni, saa nane usiku imelowa tena bila tone la mvua. Na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu kwa hakika ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma. Ndiyo maana waya za gari zenu huota unga wa kijani, na ndiyo maana rimu za alumini hugandana na habu ya chuma mpaka nizipige nyundo kwa nyuma. Madini mawili tofauti yakilowa chumvi pamoja, moja linamla mwenziwe.

Kuhusu mchanga wenyewe niseme neno moja, maana hata mafundi wenzangu wa mjini hawaliamini. Mchanga wetu mweupe huu si sawa na mchanga wa mito ya bara. Ni matumbawe, makombe na majani ya baharini yenye chokaa, yaliyosagwa na mawimbi. Kamulia ndimu juu yake utaona unatoa povu. Ni laini kuliko chuma cha gari, haukwangui kama ule wa bara. Ubaya wake ni kwamba husagika ukawa unga, unga ukilowa ukawa uji, na uji ule ukijaa ndani ya dramu za breki unakaa humo na maji yake ya chumvi kama kitambaa kibichi kilichosahauliwa kwenye ndoo. Kwa hiyo hata mchanga unapoharibu, mara nyingi unabeba tu mzigo wa chumvi.

Sasa nije kwenye kiini cha barua yangu.

Mtasema: madereva wetu wanaosha gari kila siku. Ni kweli, wengi wanaosha. Nina kijana mmoja hapa, mwaminifu, kila jioni anaosha gari ya tajiri wake kabla hajaosha miguu yake mwenyewe. Anachota kwenye kisima kilicho karibu na pwani, ndoo kwa ndoo, anapiga bodi mpaka inang'aa. Gari ile imeoza sawasawa na gari ya mvivu ambaye haoshi kabisa. Ilinisumbua akili muda mrefu. Siku moja nilichukua maji ya kisima kile kwenye sufuria pana, nikayaanika juani juu ya bati. Kesho yake sufuria ilikuwa na ukoko mweupe chini. Nikaonja kwa ncha ya ulimi.

Mnaokaa mjini mmesahau visima vya uwandani. Huku ardhi ni jiwe la matumbawe, limejaa matundu kama sifongo. Mvua inashuka moja kwa moja, bahari nayo inaingia kwa chini, na maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa utando mwembamba. Kisima cha karibu na pwani maji yake hupanda bahari ikijaa na kushuka bahari ikipwa. Ukikichota sana wakati wa kiangazi, utando ule unaisha na kinachopanda ni maji ya munyu. Hakuna haja ya maabara. Yaanike kama nilivyofanya mimi, uonje ukoko: ukiwa wa chumvi, maji hayo hayafai kuoshea gari. Kijana yule alikuwa anaiondolea gari chumvi ya bahari na kuipaka chumvi ya kisima, kila jioni, kwa moyo safi kabisa.

Maji matamu yapo. Yanapita kwenye bomba siku yanapopita, siku nyingine yanaletwa na gari la maji, na siku hizo yanauzwa kwa dumu. Hapo ndipo mnapoingia nyinyi. Dereva anatakiwa alete hesabu. Kabla ya hesabu atie mafuta, amlipe utingo, atoe ya kula. Kikibaki kitu ndicho chake. Mnategemea mtu huyo atoe pesa kwenye sahani ya watoto wake anunue maji ya kuoshea chasisi isiyokuwa yake? Hatonunua, na mimi nisingenunua. Oili ya injini mnailipia nyinyi, wala hakuna tajiri anayebishana nayo, kwa sababu mmeambiwa injini isiyo na oili inakufa mchana kweupe. Gari isiyo na maji matamu inakufa pia, ila inachukua miaka mitatu, na kwa kuwa inachukua miaka mitatu mnapata nafasi ya kumtafuta wa kumlaumu.

Ninachoomba ni dumu tatu za lita 20 kwa kila gari, kila siku iliyoshuka pwani, ziandikwe kwenye hesabu yenu na si kwenye riziki ya dereva. Lita 60 hazitoshi kuoshea gari yote, nalijua hilo. Zinatosha kuosha chini, na juu kunaweza kusubiri. Gari ya samaki haiendi harusini.

Kuosha chini nako kuna namna yake. Pampu kali za kuoshea magari, zile zinazopiga maji kama risasi, sizipendi kwa kazi hii. Zinasukuma mchanga ndani ya sili za beringi na kwenye soketi za umeme, mahali ambapo ungebaki nje. Maji yanayotiririka taratibu kwa dakika nyingi yanayeyusha chumvi kuliko maji makali ya dakika moja. Mimi nimetoboa bomba la plastiki matundu madogo kwa msumari wa moto, nimelifunga kwenye pipa lililo juu ya matofali, nalisogeza chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma. Linakojoa tu kuelekea juu. Maji yaingie kwenye matundu ya chasisi mpaka yatoke safi upande wa pili, yapite juu ya tangi, juu ya springi, ndani ya matao ya tairi pale matope ya mchanga yanapoganda. Rejeta imwagiwe kutoka upande wa injini kwenda nje, ili mchanga urudi ulikotoka. Na injini ya keri imekaa chini ya kiti, karibu sana na barabara, kwa hiyo alteneta na stata nazo hupata mvuke wa chumvi kila safari. Zifutwe kwa kitambaa kibichi, zisimwagiwe.

Na kabla ya kuosha chini, tazameni bodi la mizigo. Hili hamlioni kabisa. Matenga ya samaki yanachuruzika maji ya barafu na damu na chumvi, magunia ya mwani mbichi yanachuruzika bahari tupu, na yote hayo yanapita kwenye mianya ya bodi yakidondokea chasisi kutoka juu. Gari inaweza isiguse wimbi hata moja na bado ikaoza kwa mzigo wake. Turubai zito lililokunjwa kingo, au karai la bati chini ya matenga, linaokoa chuma zaidi ya rangi yoyote mtakayonunua.

Nimetaja rangi. Naomba msinikasirikie. Tajiri anaona kutu, anatoa pesa ya rangi, anarudi mjini roho yake imetulia. Rangi iliyopigwa juu ya chumvi inaifungia chumvi ndani. Ile keri iliyokatika ilikuwa imepakwa vizuri sana. Ukitaka kupaka, osha kwa maji matamu, acha ikauke kwa siku mbili za jua kali, kwangua kutu mpaka uone chuma, paka dawa ya kutu, ndipo upake rangi, ndipo upake lami ya chini. Na puti iwekwe mbali na chasisi. Puti ni ya kuziba shimo la mlango, haijabeba mzigo hata siku moja.

Wapo pia wanaoamini oili chafu ikichanganywa na dizeli na kupulizwa uvunguni. Inafanya kazi, sikatai, chuma chenye mafuta hakilowi. Lakini inavimbisha bushi na buti za mpira, inashika mchanga ukawa kama msasa, na sehemu yake inadondoka palepale dikoni wanapotandikwa samaki, au karibu na visima vyetu ambavyo tayari vina shida zake. Mimi nimeiacha. Natumia grisi kwa brashi pale panapohitaji, na anayetaka kupulizwa oili aende kwa fundi mwingine.

Niseme na habari ya simu zenu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Diko linafuata maji, halifuati saa ya ukutani. Wakati wa bamvua maji hupwa mpaka mbali, vyombo vinakwama nje kwenye tope na mchanga, na gari ikitaka kuwahi samaki inabidi iwafuate. Tajiri anapiga simu saa mbili asubuhi: mbona hujafika sokoni? Anapiga tena saa mbili na robo. Kijana anaacha kungoja wabebaji, anaiingiza gari majini mpaka ekseli.

Sikilizeni kinachotokea hapo. Difu la nyuma limetoka barabarani, lina moto. Ndani yake mna oili na hewa ya moto. Likizama ghafla kwenye maji, hewa ile inapoa na kujikunja, difu linavuta pumzi, na pumzi linalovuta ni bahari, kupitia kijitundu chake cha kupumulia au kwenye sili iliyochoka. Mwezi mmoja baadaye nafungua boliti, inatoka oili nyeupe kama maziwa. Beringi zimeshaliwa. Dawa yake ni mpira mwembamba uliounganishwa kwenye kile kijitundu ukapandishwa juu mpaka karibu na bodi, kazi ya nusu saa. Dawa nyingine ni nyinyi kuacha kupiga simu.

Upepo wa tairi nao ni kesi yenu. Gari inayokwenda lami kwa upepo wa 35 kwenye geji, ikiingia mchanga mkavu na mzigo iteremshwe hadi kwenye 20, tairi ilale, ikanyage pana. Madereva wote wanalijua hili. Hawafanyi, kwa sababu wakishateremsha hawana cha kujazia, na tairi laini ikikimbizwa kwenye lami inapata moto na kupasuka. Basi wanapanda na tairi ngumu kama jiwe, zinachimba, klachi inanuka, na kila baada ya miezi michache mnaninunulia klachi mpya mkilalamika kwamba za siku hizi ni feki. Pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye gari, na geji yake, ni rahisi kuliko klachi moja na ufundi wake. Najikatia riziki kuwaambia haya.

Breki ya mkono isivutwe usiku kwa gari iliyotoka pwani, shuu zitashikana na dramu kwa kutu, asubuhi gari haitoki. Iachwe kwenye gia na jiwe litiwe nyuma ya tairi. Kabla ya kuegesha, dereva akanyage breki mara kadhaa akiwa mwendo mdogo zikauke. Wenye pikipiki za matenga, cheni ioshwe kwa maji matamu, ifutwe, itiwe oili nyepesi. Grisi nzito inakusanya mchanga na kumaliza meno ya spoketi.

Mnaponunua gari nyingine, njooni na mimi, au na fundi yeyote mnayemwamini, mwingie uvunguni. Gari nyingi zetu zinatoka Japani zikiwa zimetumika, na zipo zilizotoka sehemu za baridi kama Hokkaido ambako barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha theluji. Gari kama hiyo inashuka bandarini na chumvi yake tayari, ndani viti safi, harufu nzuri, na tajiri anaitazama dashibodi. Mchanga wetu unakuja kumalizia tu, na dereva anakuja kubeba lawama za nchi mbili.

Neno la pembeni, si la ufundi. Kina mama wa mwani wamekuwa wakilima katika pwani hii tangu mwaka 1989, na vijiti vyao na kamba zao viko palepale gari zenu zinapokatiza maji yakipwa. Njia ya gari inajulikana. Anayeambiwa na tajiri “kata pale, utawahi” anaipasua kamba ya mtu na anaipitisha gari kwenye tope baya zaidi. Hasara mbili kwa dakika tano.

Kuhusu maji, najua litakuja swali la wapi yatatoka wakati wa shida. Nimelipiga hesabu. Banda la bati la mita 10 kwa mita 5 likinyeshewa mvua ya milimita 20 linashusha lita 1,000. Toa zinazomwagika, toa za kwanza za kusafishia bati, bado mna maji ya gari moja kwa zaidi ya siku kumi kutokana na mvua moja. Masika yetu yanatoa mvua nyingi za namna hiyo, na vuli huongeza zake. Mkichangishana tangi moja kubwa, likawekwa juu ya jukwaa pale pa kupandia kutoka dikoni, na bati la banda la kupimia samaki likatiwa mfereji, gari zenu zote zitaoshwa kwa maji ya Mungu sehemu kubwa ya mwaka. Miezi ya ukame mtanunua. Bomba la matundu nitalitengeneza mimi bure, na nitawafundisha vijana kwa siku moja. Tangi dogo ninalo tayari gereji, chini ya mkungu. Leo lina maji hadi nusu. Anayetaka kujaribu kabla ya kuchangia, gari yake ije mara tu inapopanda, chumvi ikiwa bado mbichi. Ikishakauka ni kazi nyingine.

Na wewe tajiri wa keri ile, unajijua, wala sitakutaja. Chasisi kuoza mpaka bisibisi izame ni kazi ya miaka. Kijana wako alikuwa ameishika gari yako kwa miezi minne. Sikukwambia siku ile, nakwambia leo mbele ya watu wote. Yupo dikoni kila asubuhi, anashusha matenga kwa ujira wa kutwa. Namba yake ya simu ni ileile. Mpigie.